Jeneza la Filamu

Jeneza lilikuwa jepesi. Wanaume wanne walilitoa mlangoni mwangu, wakalipitisha kando ya shule kuelekea makaburini, na mwendo wao ulikuwa wa watu wanaohamisha meza. Mmoja alibadilisha bega bila hata kupunguza hatua. Loveth akainua mkono.

“Simameni kidogo,” alisema. “Linaonekana tupu.”

Lilikuwa tupu kweli. Fundi seremala wa pale Lipingo alikuwa amelipigilia misumari jana yake, na mbao zilikuwa bado zinanuka utomvu. Loveth alimwambia Rodrick, mpiga picha wake, azime kamera. Akataka watu waende ufukweni kuchota mchanga, viroba viwili vitatosha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya jeneza, nimejifunga kaniki, kwa sababu katika filamu ile mimi ndiye niliyekuwa mjane.

“Usihangaike na mchanga,” nilimwambia. “Nitatafuta kitu cha kutia humo.”

“Kizito lakini, mwalimu.”

“Kizito.”

Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikapiga magoti na kuvuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda changu kwa miaka minne.

Mume wangu aliitwa Adrian. Alikuwa tabibu wa zahanati, mtu wa Mbaha, mtoto wa ziwani. Mimi nilizaliwa Mbinga juu, kwenye kahawa na ukungu, na niliteremka Lipingo kwa sababu yake na kwa sababu ya barua ya ajira iliyonipangia shule ya msingi ya pale. Alikuwa na tabia ya kupiga pasi koti lake jeupe kila alfajiri, kwa pasi ya mkaa, hata siku ambazo alijua hatapata mgonjwa zaidi ya watoto watatu wenye mafua. Nikimcheka alisema mgonjwa hupona nusu akiona mkunjo umenyooka.

Machi ya mwaka 2017 mvua ilikata barabara, na chanjo za watoto zilikuwa zimeshafika zahanati. Adrian alichukua boti ya injini pamoja na mwendeshaji wake, akapakia boksi la chanjo, akaenda zake kijiji cha pili. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa darasani na sikutoka kumuaga, maana angerudi jioni.

Boti ilikutwa kesho yake imepinduka. Mwendeshaji alionekana siku ya tatu, akazikwa. Boksi la chanjo lilikutwa linaelea karibu na mawe, mfuniko umefungwa vizuri, na nesi alipolifungua alikuta chanjo bado zina ubaridi. Adrian hakuonekana. Watu walitafuta wiki mbili kwa mitumbwi, kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye shughuli zao bila kusema kwamba wameacha.

Nilitaka kulia kama watu wanavyolia. Nilitaka kukaa chini kwenye mkeka, majirani waje na unga na kuni, wanawake wanishike mabega. Lakini mama yake, mama Vitalia, alikuja kutoka Mbaha, akasimama mlangoni pangu, akawakuta wanawake wawili wameshaanza kutandika mikeka. Akaikunja yeye mwenyewe, akaiegemeza ukutani.

“Ziwa hili lina ng'ambo mbili,” alisema. “Kuna Malawi na kuna Msumbiji. Watu wameokotwa huko, wakarudi baada ya miaka. Mwanangu hajafa. Amechelewa.”

Nani angembishia mama mtu? Hapakuwa na mwili wa kumwonyesha. Hivyo hapakuwa na matanga, hapakuwa na misa, sikunyolewa, sikuvaa nguo nyeusi. Majirani walijifunza kupita mbali na jina lake kama unavyolipita shimo barabarani. Kaka yangu Florian alikuja kutoka Mbinga kunichukua. Nikamwambia mke wa mtu hafungashi mizigo mume akiwa safarini. Akarudi peke yake.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la nne. Kila mwaka ikifika mada ya nyakati, naandika ubaoni: anakuja, alikuja, atakuja. Watoto wanasoma kwa sauti moja. Kwangu mimi hakukuwa na hata moja kati ya hizo niliyoweza kuitumia kwa Adrian bila kujikuta nasema uongo. Na binti yetu Getrude, aliyekuwa na miaka mitatu baba yake alipoondoka, alikuwa akiulizwa shuleni baba yako yuko wapi, anajibu: anakuja. Alilijibu hilo hadi akafika darasa la kwanza.

Julai ya mwaka 2021 ndipo Loveth alipokuja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, nywele fupi, suruali yenye mifuko mingi. Alikuwa na Rodrick na kijana mwingine wa sauti, na gari ambalo lilikuwa limeshachoka kabla halijafika Songea. Alituambia walimu, tukiwa tumekaa ofisini, kwamba anataka kutengeneza filamu ndogo kuhusu mwanamke aliyefiwa na mume. Hakuna mapigano, alisema, hakuna mchawi, hakuna mapenzi ya tajiri. Mwanamke tu, na siku zake.

“Na watu wataangalia nini?” mwalimu mkuu alimuuliza.

“Wataangalia yeye anavyoishi,” alijibu, na mwalimu mkuu akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mchuzi usio na chumvi.

Alijaribu wanawake watatu. Wote walilia vizuri, kwa sauti na kwa kujigaragaza, naye aliwashukuru, akawapa soda, akawaaga. Siku ya nne alinikuta ufukweni nimekaa juu ya jiwe, nasahihisha madaftari. Alisimama mbele yangu.

“Shikamoo mwalimu. Samahani, nikuulize kitu?”

“Marahaba. Uliza.”

“Watu wote hapa wakikaa wanaangalia ziwa. Kwa nini wewe peke yako unaligeuzia mgongo?”

Nilimwambia mwanga wa maji unaniumiza macho. Akauliza kama nimeolewa. Nikasema ndiyo. Mume wangu yuko wapi? Safarini. Aliyapokea hayo yote, akaniomba niwe mwanamke wake wa filamu, nami nikakubali haraka hata nikajishangaa. Kijiji kizima kilijua, na kila mtu alidhani mwingine amekwisha kumwambia. Au pengine walijua kwamba hajaambiwa, wakaamua kuniachia.

Sikuwa naigiza. Loveth aliniambia nikae mezani niangalie sahani mbili, nikakaa nikaangalia. Aliniambia nilale upande mmoja wa kitanda. Sikuhitaji kuambiwa ni upande gani. Aliniambia nifue shati la mwanaume ziwani, nilianike, nilikunje. Rodrick alikuwa akisogeza kamera taratibu kama mtu anayemkaribia ndege. Kwa mara ya kwanza tangu Machi ile niliruhusiwa kuwa nilivyokuwa, mbele ya watu, mchana kweupe, na hakuna aliyesema mumeo amechelewa tu. Jioni nikifika nyumbani nilikuwa nimechoka vizuri, uchovu wa mtu aliyelima.

Tatizo lilikuwa maziko. Katika maandishi ya Loveth mume anazikwa siku ya kwanza, ila wao walikuwa wameacha kipande hicho hadi mwisho, kwa sababu kilihitaji watu wengi. Wazee wa kijiji walikaa nalo siku mbili. Wakatoa sharti moja: kaburi likishachimbwa haliachwi wazi wala halirudishiwi udongo mtupu. Jeneza lifukiwe kweli, siku hiyohiyo, jua likiwa juu. Loveth alikubali. Katekista wetu, mzee Sixtus, naye alikubali kusimama kaburini kama katekista wa filamu, ila alisema wazi kwamba sala za kanisa hatazisoma kwenye sanduku la mbao. Atasoma maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya Loveth.

Ndivyo tulivyofika asubuhi ile, na jeneza likawa jepesi.

Nilipolifungua lile sanduku la bati sikuwa na nia yoyote. Nataka hili lieleweke, maana baadaye watu walisema nilipanga. Nilikuwa natafuta uzito. Kitabu chake kinene cha magonjwa kilikuwa kizito, nikakitoa. Viatu vyake vya mvua. Redio iliyokufa ambayo alikuwa akisema ataitengeneza. Pasi ya mkaa. Kisha mkono wangu ukakuta lile koti jeupe, limekunjwa kwa mikunjo yake mwenyewe, maana sikuwa nimelifungua tangu alipolikunja yeye. Koti halina uzito wowote. Nililichukua hata hivyo.

Nilivipanga vitu ndani ya jeneza nikiwa peke yangu, wabebaji wakiwa wamesogea kivulini. Kitabu upande wa kifua, redio na pasi ubavuni, viatu chini, koti juu ya vyote. Nikafunika. Walipoliinua, mwanaume aliyekuwa mbele kushoto alinitupia jicho. Alikuwa ameshika uzito ule akaelewa kitu, na hatua zake zilipungua, na wenzake wakapunguza pia.

“Safi,” Loveth alisema. “Hivyohivyo.”

Tulikuwa tumefika kaburini, jeneza limewekwa juu ya kamba, mzee Sixtus ameshika karatasi, pikipiki iliposimama barabarani. Abiria alishuka. Alikuwa mama Vitalia, mdogo wa umbo, amejifunga vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani. Kuna mtu alikuwa amempigia simu Mbaha kwamba Lipingo wanamchimbia kaburi mtu wa filamu, na mjane ni mkwe wako.

Watu walimpisha. Alikuja hadi ukingoni mwa kaburi.

“Shikamoo mama,” nilisema.

Hakuitikia. “Nani amekufa?”

Loveth akawahi, kwa heshima kabisa. “Shikamoo bibi. Hakuna aliyekufa, bibi, ni filamu. Tunaigiza tu.”

“Marahaba mwanangu. Sikukuuliza wewe.” Aligeukia kwangu. “Mama Getrude, nakuuliza wewe. Nani yumo humo?”

Upepo wa mwera ulikuwa unavuma kutoka ziwani, unapeperusha karatasi ya mzee Sixtus. Ningeweza kusema hamna mtu, mama. Ingekuwa kweli, na angerudi Mbaha, na mimi ningerudi kwenye jiwe langu na madaftari yangu. Nilifungua mdomo nikiwa sijui litatoka lipi.

“Adrian, mama.”

Nilimsikia Loveth akivuta pumzi. Mama Vitalia akawageukia wabebaji, akasema, “Fungueni.”

Mzee Sixtus alijaribu kusema neno kuhusu desturi, naye akamkatiza: “Ni mwanangu. Fungueni.”

Walifungua. Alichuchumaa, akaweka mkono mmoja kwenye ukingo wa jeneza, akaangalia. Aligusa kitabu, akagusa viatu. Koti alilinyanyua, akaliweka usoni, akakaa hivyo. Nilikuwa nasubiri anipige. Nilikuwa tayari, hata nadhani nilitaka anipige, kwa kumwua mwanawe mbele ya kijiji kizima bila kumwita.

Alilirudisha koti, akalinyoosha kola. Kisha akaichomoa pasi.

“Hii usiizike,” alisema, akanipa. “Getrude ataitaka.”

Akafungua kitenge cha mabegani, akakitandaza juu ya koti, akakichomekea pembeni, pande zote mbili, jinsi unavyomchomekea mtoto blanketi.

“Huyu anasikia baridi,” alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. “Tangu mdogo. Kila akitoka majini anatetemeka hadi meno.”

Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Nilipiga magoti karibu naye. Hakunishika, wala sikumshika, ila mabega yetu yaligusana, na kwa miaka minne tulikuwa hatujafika karibu kiasi kile. Baada ya muda alisema nafasi ya Adrian ilikuwa Mbaha, kando ya baba yake, alikuwa ameitunza na kuipalilia. Lakini haidhuru. Hapa ndipo alipoondokea. Akawaambia wanaume wafunike, waendelee.

Mzee Sixtus aliikunja karatasi ya Loveth mara mbili, akaitia mfukoni. Akatoa kitabu chake cha sala kutoka mfuko wa ndani wa koti. Alikuwa amekuja nacho. Akaanza kusoma jina, jina kamili la Adrian na la baba yake, na wanawake nyuma yangu wakapasua kilio walichokuwa wamekihifadhi tangu siku ile mikeka ilipokunjwa. Waliimba kwa Kinyasa, nami ambaye Kinyasa changu ni cha sokoni niliwafuata nyuma kwa neno moja moja. Loveth hakusema anza wala simama. Nilimwona Rodrick amevua kofia. Jicho lake halikuwa kwenye kamera tena, lakini ile taa yake ndogo nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Mchana ule watu walikuja na unga na kuni. Loveth alikaa nasi siku tatu za matanga akimenya mihogo pamoja na wanawake, vibaya, akijikata vidole. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwa nini sikumwambia. Nikamjibu kwamba asingenichukua. Akafikiri, akakubali kwamba ni kweli.

Watu hudhani nitasema kwamba baada ya pale nilipumzika. Nilipumzika, ndiyo. Nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Nilianza kusema alikuwa, alipenda, alisema. Getrude akiulizwa alijibu baba yangu amefariki, tena alilijibu bila kuhuzunika, kama mtoto aliyepata hatimaye jibu sahihi. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya. Miaka minne ile, kila pikipiki iliyosimama barabarani ilikuwa yake. Kila mtu aliyekohoa nje, kila ndara zilizoburuzwa kwenye mchanga. Nilikuwa nashtuka mara kumi kwa siku, na kila mshtuko alikuwa anakuja. Baada ya kaburi pikipiki ikawa pikipiki. Nilikaa mlangoni jioni moja, wiki kadhaa baadaye, ikapita moja, na mwili wangu haukutikisika hata kidogo, na hapo nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Nilikuwa nimemtamani Adrian miaka yote ile. Sasa nilitamani hata kule kumsubiri.

Mama Vitalia hakusema kama naye ilikuwa hivyo. Ila alianza kuja Lipingo kila mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili, na nilipohamishiwa shule ya Mbinga mjini hakunizuia. Alisema, “Nenda, mwanangu. Ulinisubiria vya kutosha.” Hakusema ulimsubiria, nami nilielewa: nilikuwa nimesubiri kwa ajili yake yeye.

Mwaka uliofuata Loveth alirudi, akaenda Mbaha na kompyuta yake kumwomba ruhusa ya kutumia picha za maziko. Mama alikataa kuziangalia siku hiyo. Alimuuliza kama mwanawe anaonekana humo. Loveth akasema hapana, bibi, haonekani. “Basi mimi nikataze nini,” alisema.

Filamu ina dakika sabini na mbili na maneno ambayo hayafiki kurasa mbili za daftari. Loveth anasema ilionyeshwa nchi fulani huko nje, katika ukumbi wenye watu wachache, kisha Dar es Salaam mara mbili. Haikuonyeshwa kwenye televisheni, na sidhani kama itaonyeshwa. Mbinga ilionyeshwa mara moja, Jumamosi ya mwezi wa nane mwaka 2023, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tulikuwa watu thelathini na sita. Ilipofika katikati walikuwa wamebaki kama ishirini. Watu walitoka kwa adabu, wakiinama wasizibe picha. Mama Vitalia alikuja kwa basi kutoka ziwani, amevaa sweta mbili kwa baridi ya huku juu, akakaa kando yangu mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Maziko yanaonekana kwa mbali. Migongo ya watu, upepo kwenye nguo zao, na ule wimbo. Wanawake wawili wamepiga magoti na nyuso zao hazionekani. Halafu Loveth ameweka ziwa, dakika nzima ya maji, bila kitu. Niliinamisha kichwa. Mama hakuinamisha. Aliangalia ile dakika yote, na baada yake yule mwanamke akiingia nyumbani, akikaa mezani, akiangalia sahani, akiamka, akitoka.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi machache, ya upole. Loveth alikuja kutusalimia, akatuacha. Mablanketi yalishushwa, jua likaingia.

“Yule mwanamke,” mama aliniuliza, bado akiangalia ukuta mweupe, “muda wote ule nimemwona anakaa mezani. Alikuwa anakula?”

“Hakuwa anakula, mama.”

“Muda wote?”

“Muda mwingi.”

Alitikisa kichwa taratibu. Akafunga mkoba wake, akashika mkono wangu ili ainuke, na hata aliposimama hakuuachia. Tulitoka hivyo hadi barabarani, tukavuka kwenda kwenye kibanda cha mama ntilie nyuma ya stendi. Aliagiza ugali na maharage kwa ajili yetu wote wawili. Alipouliza samaki akaambiwa hawapo leo, alisikitika kidogo, akauliza kama kuna yai, akaniagizia yai. Chakula kikaja kinafuka moshi. Alinawa, akakata tonge moja, lakini hakulipeleka mdomoni. Alikaa nalo mkononi, ananitazama.

“Kula,” alisema.

Nikala.